Nimemwahirishia dada upasuaji

Rafiki yangu, mjinga wa leo ni mimi. Usinitetee.

Upasuaji wa dada umeahirishwa. Kwa sababu yangu! Mimi ndiye wa kumpa figo, na mimi ndiye niliyeharibu vipimo.

Jana nilijitia mwanamazoezi. Nikamchokoza shemeji, mume wa dada, tushindane kuchuchumaa na kuinuka mpaka mmoja asalimu amri. Leo ngazi za hospitali nimeshuka kinyumenyume.

Daktari akasoma majibu ya damu mbele ya dada. "Jana ulifanya nini?" Akarudia, "Hebu niambie, jana ulifanya nini?" Vimeng'enya vya misuli vimepanda vibaya, na hawanipasui mpaka vishuke.

Nikabisha! Nikadai shemeji naye apimwe. Akapimwa. Damu yake haina neno!

"Yeye hufanya mazoezi kila siku, misuli yake imezoea," daktari akasema. "Yako uliishtua, ikavujia kwenye damu."

Dada kaunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Nilitamani sakafu inimeze. Na bado nikaropoka, "Nilitaka upate figo ya mtu mwenye nguvu, dada."

Akanigeukia. "Nilikuomba figo, kaka. Mapaja nilikuomba lini?"