Mstari Juu ya Vizibo Vinne

Singe,
Babati.
9 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Apolinary,

Shikamoo. Habari za Songea, na mguu unaendeleaje? Herieli alitupigia akasema siku hizi unafika kanisani bila fimbo. Tukamwambia aache kukusifia, usije ukaanza kukimbia. Huku hatujambo kwa jumla. Mama kifua kimemwachia, maharage tumeshavuna na mahindi yanakauka vizuri.

Ningeweza kukupigia simu, lakini najijua. Ningekusalimia, ningekuuliza habari za mguu, kisha ningekata bila kusema lolote. Ndiyo maana naandika.

Unaikumbuka kompyuta ya kikundi chetu cha wafugaji, ile uliyoandikia maelekezo yote ya mifugo kabla hujahamia kwa mwanao Herieli? Ilikuwa inakaribia kukata roho. Faili zako za Word nazo zilikuwa hazifunguki kwenye simu za watu, au zinafunguka zimevurugika. Mwezi wa tatu tukakubaliana zigeuzwe zote kuwa maandishi matupu, yasiyo na rangi wala madoido, ambayo simu yoyote inayafungua kwa bando dogo. Kazi nikapewa mimi. Programu ikageuza faili sitini na tatu mchana mmoja. Nikakagua vichwa vya habari na majedwali, nikaona mambo safi. Nilipongezwa, Mjomba, na kichwa kikavimba.

Sasa sikia nilichofanya. Wewe hukuwa na tabia ya kufuta kosa. Ulilipigia mstari katikati na kuandika lililo sahihi mbele yake, ili watu waone tulikosea wapi. Kwenye dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya kupima kwa kizibo cha chupa na kuchanganya na maji ya bomba, ulikata "vizibo vinne" ukaandika "vizibo viwili", baada ya kuja ile dawa kali. Maandishi matupu hayakubeba mistari yako. Maneno uliyoyakata yalibaki pamoja na yale ya kweli, yote yakisomeka kama maagizo yako.

Wiki iliyopita Valence, anayetuogeshea mifugo siku hizi, alisoma kwenye simu yake, akadhani viwili ni vya bomba dogo, akaweka vinne. Ndama wawili wa Mama Kornelia wamekufa.

Jana baada ya misa tulikwenda kwake kumpa pole. Valence akatoa simu akasema, "Mzee mwenyewe ameandika vinne. Someni." Mtu mmoja akasema labda ulikuwa umeshaanza kusahau. Mama Kornelia hakubisha, pamoja na miaka yote uliyomtibia ng'ombe wake. Nami nilikuwa pale pale na kikombe cha chai mkononi, nikanyamaza. Naona aibu kuliko ninavyoweza kuandika.

Leo asubuhi nimerekebisha ukurasa huo na kuwaambia wote watumie vizibo viwili. Sikuwaambia kwa nini. Naendelea kupitia faili nyingine moja moja, na nimeshakuta mistari mingine kumi na mmoja iliyopotea.

Jumamosi kuna mkutano. Mwenyekiti anataka maelekezo yako yote yaondolewe. Faili ulizoandika mwenyewe ninazo kwenye flashi, na hakuna mwingine aliye nazo. Nimekusudia kusimama na kuzionyesha. Lakini hata jana nilikusudia.

Kwa hiyo nimechapisha ukurasa wako kama ulivyouandika, umo ndani ya bahasha hii, na mstari wako upo juu ya vinne. Naituma kwa basi ikuwahi. Jumamosi jioni mpigie Mama Kornelia. Ukimkuta hajui, msomee wewe, na jina langu ulitaje.

Wasalimie Herieli, mkewe Scholastica na wajukuu. Mama anakusalimu sana, yeye bado sijamwambia. Mungu akuimarishe mguu huo, na mimi anipe wa kusimamia Jumamosi.

Ni mimi mpwa wako ninayekupenda, niliyezigeuza zile faili,

Edda