Chuo cha Mama, au Chuo cha Juu ya Duka la Viatu

Mpendwa mshauri, ninyooshee mkono, maana mimi na baba hatuongei vizuri tangu tulipotoka kutazama vyuo, na usajili wa masomo ya maandalizi ya udaktari unafungwa wiki hii. Marehemu mama alisomea uuguzi kwenye chuo cha zamani nyuma ya hospitali, na mpaka leo nikisikia harufu ya wanga wa nguo namwona akipiga pasi kofia yake nyeupe huku akiniimbia majina ya mifupa, nami nikigusa goti, nikigusa bega. Baba alinipeleka huko, akaenda moja kwa moja barazani, akalikuta benchi lao la zamani, akakaa, akacheka peke yake, akasema, "Mwanangu, hapa ndipo mama yako aliponikataa mara ya kwanza. Basi umefika." Mimi nikachungulia maabara, hadubini zimejaa vumbi, na mwalimu wa kemia akaninong'oneza, "Binti, siku hizi tunafundisha uuguzi tu. Anayetaka udaktari akitoka hapa anaanza upya." Chuo kingine kiko juu ya duka la viatu, hakina hata ua, lakini maabara inafanya kazi na wanafunzi wake wanapokelewa kusomea udaktari. Baba anasema, "Chuo gani hicho kinanuka gundi?" Nami moyo wangu umebaki kule kwa mama. Nifanyeje?

Binti wa Muuguzi

Binti, pole sana kwa mama. Sasa tuambizane ukweli. Baba yako alikagua benchi. Alikwenda kumtembelea mkewe, na ana haki hiyo. Wewe ulikwenda kutafuta chuo, ukajibiwa na mwalimu wa hapo hapo. Ulitaka akuandikie ukutani? Ungetaka uuguzi, ningekusukuma kule kwa mama bila kusita. Unataka udaktari.

Usibishane na baba habari za gundi, utashindwa. Kesho mpandishe ngazi zile, ombeni ruhusa ya kukaa nyuma wakati wa kipindi cha maabara. Wanafunzi waliotangulia wamepokelewa wapi? Waulize wanafunzi wenyewe, si mkuu wa chuo. Wakikuridhisha, jisajili kabla hujashuka. Baba akinuna, mwache anune. Jioni atauliza kama umekula. Mama yako alikwenda kule kwa sababu ndiko alikofundishwa kazi aliyoitaka. Nawe nenda utakakofundishwa yako.