Parafujo ya Kinyongeo

Kilburn, London
8 Machi 1976

Kaka Abdulsamad,

Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila mke wangu Kalpana baridi inambana kifua.

Makumbusho ninakotengeneza vyuma vya kale yameletewa kinyongeo kutoka Hispania: kiti cha mti chenye nguzo, pete ya chuma ya shingoni, na parafujo nyuma ya kuikaza pete mpaka mtu afe. Zamani ilikuwa kamba ikisokotwa kwa kijiti. Kisha mfalme wao akafuta kitanzi, akaamuru hiki, eti ni huruma. Mpaka juzi, mwaka wa sabini na nne, wamewaua watu nacho.

Parafujo imeshika kutu. Mkuu wetu anataka izunguke, wageni waijaribu kwa mikono yao. Mfagizi wetu Generosa, Mhispania, alipokiona aliweka ndoo chini. "Baba yangu alifia kwenye kiti kama hiki," akaniambia.

Kuilegeza ni kazi ya siku moja. Nikikataa nitafukuzwa, na kwa umri wangu sipati kazi nyingine. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Nduguyo,
Kishor

Mkunazini, Zanzibar
30 Machi 1976

Ndugu yangu Kishor,

Barua imefika, nasi tu salama. Shemeji Kalpana anywe tangawizi.

Marehemu baba yako, aliyetufundisha ufundi, alikataa kufua pingu za gereza. Tulikula muhogo mtupu mwezi mzima. Njaa ile nimeisahau. Nakumbuka watu walivyomwinukia akipita Darajani.

Kakako,
Abdulsamad

Kilburn, London
14 Juni 1976

Kaka,

Salamu kwenu nyote. Kalpana amepona. Uniwie radhi kwa ukimya, nilisimamishwa kazi.

Nilimwambia mkuu, "Kutu ya pete nitaisafisha, mti nitaupaka mafuta. Parafujo siigusi." Akanirudisha nyumbani siku hiyohiyo.

Nilikaa wiki saba. Kumbe Generosa alikwenda mbele ya baraza la makumbusho na picha ya baba yake, akawaeleza. Wakaamua kinyongeo kiwekwe ndani ya kioo, parafujo isizungushwe na mtu, na mimi nirudi.

Jumamosi ukumbi ulifunguliwa. Generosa alivaa gauni jeusi, akawasimulia wageni habari yote, tangu kamba na kijiti mpaka chuma. Mwisho akalitaja jina la baba yake, akaninyooshea mkono. "Na yule ndiye fundi aliyekataa."

Watu wakageuka. Nikaona haya, nikataka kuinama. Kalpana akanigusa kiwiko, nikakiacha kichwa juu.

Nduguyo,
Kishor