Nani Alikuwa Mbele pale Mkunguni

Yakhe Faki,

Assalaam alaykum. Tulifundishwa chuoni kwamba walio makaburini husalimiwa nao husikia, kwa hivyo mtu asinione nimeingia wazimu kwa kukuandikia. Salamu yenyewe ina maneno mengine yanayofuata, lakini hayo nayaweka mpaka mwisho. Nna sababu yangu.

Leo ni Idi pili. Nimetoka barabarani sasa hivi, na kanzu yangu haina hata punje ya vumbi, maana siku hizi njia yetu ina lami. Vijana wameniuliza suala mbele za watu, nikawajibu, na jawabu nililotoa linakuhusu wewe. Nikaona bora nikwambie mwenyewe kabla hajaja mtu huko akanichongea.

Suala ni lile lile letu. Nani alikuwa mbele pale mkunguni.

Unakumbuka buldoza lilivyokuja Micheweni? Watu wazima waliacha shughuli zao wakenda kulitazama. Lilikwangua mawe, likasambaza kifusi, na lilipoondoka likatuachia njia iliyonyooka kutoka kwenye kalavati mpaka kwenye ule mti wa mkungu wa Bi Chumu, haina kona wala mlima. Wenzetu wa Wete na Chake wana vilima na mikarafuu. Sisi Mungu katupa tambarare ya mawe, na tangu tuzaliwe tulikuwa tukilalamika kwamba ardhi yetu haioti kitu. Siku ile ulipanda juu ya kalavati, ukatia mikono kiunoni, ukasema, "Yakhe, kumbe nchi hii yote yangoja pikipiki."

Vespa yako ulirithi kwa ami yako wa Tanga, rangi ya samli, taa yake ya mbele inatazama pembeni kama mtu aliyenuna. Honda yangu mimi niliiunga mwenyewe kwa vipande vya honda tatu zilizokwisha kufa, na wewe ukaipa jina la Maiti Watatu. Vijana wenye vyombo vya moto upande wetu tulikuwa wawili tu, kwa hivyo mashindano yetu hayakuwa na nusu fainali. Kila tulipokutana ilikuwa fainali.

Mjukuu wangu Ruwaida kanionesha kwenye simu Wamarekani wakifanya mambo hayo hayo. Gari mbili zinasimama sawasawa, taa ikiwaka zinachomoka, njia imenyooka, ukipepesa macho zimeshafika. Kanambia, "Babu, hii yaitwa dragi resi." Nikamwambia hiyo ni kupimana, na mimi na Faki tulikuwa tukipimana kabla mama yako hajazaliwa. Hakuniamini. Yeye anadhani mimi nilizaliwa na mkongojo.

Wao wana taa za kuwaruhusu. Sisi tulikuwa na kofia ya Bakari, mwenyewe akiirusha juu. Mikono mapajani, kanzu zimefungwa kiunoni, macho juu. Kofia ikigusa chini, mtu na mwendo wake. Kasoro yake ni upepo wa kule kwetu. Mara ngapi ilirushwa ikapeperuka ikenda kuangukia vichakani, nasi tumeganda pale injini zinalia, hatujui kama imeshaanguka au bado? Mama yake Bakari alipoona kofia aliyoishona kwa mkono wake imekuwa ya kukanyagwa, alimpiga marufuku, tukahamia kwenye kifuu cha nazi. Kifuu hakipeperuki.

Na petroli. Kama nimekupenda kwa jambo moja basi ni kwa hili. Ilikuwa ikija kwa chupa, tena kwa kujuana, na siku nyingine mmoja wetu anayo na mwenzake tangi linalia kavu. Wewe ndiye uliyeleta ada ile. Kabla ya kupimana, iliyopo yote inamwagwa kwenye kopo moja, inagawanywa nusu kwa nusu, ndipo kila mtu anatia kwake. Watu walikwambia mjinga, vipi unampa nguvu anayetaka kukushinda? Ukawajibu, "Miye nashindana na Shaame, sishindani na tangi lake." Mara moja nilikuja mkavu kabisa, ukanigawia, nikakushinda kwa petroli yako mwenyewe. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye kifusi na kanzu nyeupe ya sikukuu. Mama yako alikuwa ameipiga pasi ya makaa asubuhi ile.

Basi tukawa leo wewe, kesho mimi, mpaka ikafika Idi pili ile ambayo tulikuwa sare, na kila mtu kaskazini anajua kwamba ya leo ndiyo ya kukata mzizi wa fitina.

Hii hadithi unaijua, lakini niache niiseme, maana sasa ni mimi peke yangu ninayeijua. Kifuu kilianguka, tukatoka. Wewe kulia, mimi kushoto. Vespa yako ilikuwa na pupa ya mwanzo na honda yangu ilikuwa ikichelewa kukasirika, lakini tulipokaribia mwisho nilikuwa nakuona kwa pembe ya jicho, gurudumu kwa gurudumu. Mkungu ule pale. Na pale pale, kwenye njia ya miguu nyuma ya mkungu, likatokea jeneza.

Hakuna aliyetupigia kelele. Ulivuta breki, nikavuta breki, vyombo vikaserereka vikasimama kabla ya kivuli cha mkungu. Tukavilaza majanini tukaenda kutia mabega. Alikuwa bibi mmoja wa Kiuyu, wala hatukuwa tukimjua. Lakini jeneza ukikutana nalo njiani huliachi likapita hivi hivi. Unaingia chini yake hata kwa hatua chache, ndipo unaendelea na safari yako. Sisi tulikwenda nalo mpaka makaburini, kwa haya ya kelele tulizopiga, na vumbi limetujaa mpaka kwenye kope.

Tuliporudi, Vespa yako ilikuwa imevujisha petroli yote majanini. Mwezi ule ule nikaitwa kazini Tanga. Niliporudi, wewe una mke, una Hamad anatambaa, na petroli inatafutwa kwa tochi. Hatukupimana tena.

Badala yake tukabishana. Alasiri baada ya alasiri kwenye baraza yako, wewe na buli la kahawa, mimi na goti langu bovu. "Gurudumu langu lilikuwa mbele." "Mbele ya nini, mbele ya mbuzi?" Mkeo, Bi Mkasi, alikuwa akitukemea kutoka ndani, "Nyie, ntu ana wajukuu abishania gurudumu!" Bakari alikuwa kule kwenye kalavati, hakuona. Bi Chumu, Mungu amrehemu, alikuwa amekaa chini ya mkungu wake, na tukimuuliza alikuwa akisema yeye alikuwa akitazama jeneza, na ndilo na sisi tulilopaswa kulitazama. Akaondoka na siri yake. Mmoja mmoja wakaondoka wote waliokuwepo siku ile, tukabaki mimi na wewe, mashahidi wawili wanaopingana.

Halafu ukaondoka na wewe.

Sikwambii nilivyo. Nitakwambia habari za huku. Bi Mkasi katoka eda salama, kapungua mwili lakini ulimi hajapungua. Baraza yako nimeshindwa kukaa. Nilijaribu wiki ya kwanza, Hamad akaniletea kahawa kwa heshima, akakaa mkabala na mimi, na kila nnalosema anajibu, "Ndiyo, ami." Ndiyo, ami. Ndiyo, ami. Faki, nilikaribia kumrushia kikombe. Kijana mwema, lakini hajui kubisha. Sijui ulimlea vipi.

Vespa ilitaka kuuzwa. Alikuja mtu kutoka Wete, akaizunguka, akaipigapiga bodi yake kama anayechagua tikiti, akasema ataipaka rangi nyekundu. Bi Mkasi alikuwa bado edani, hatoki mbele za watu, lakini sauti yake ilipita kwenye pazia. "Hicho chombo hakitoki hapa. Kakipakeni rangi cha mamenu." Yule mtu alipotea. Jioni yake Hamad akaniletea ufunguo. Kanambia, "Mama asema uwe unaiwasha, isije ikafa na yeye."

Basi kila Ijumaa baada ya sala nakwenda kuiwasha. Haiwaki mpaka niitukane kwa matusi yako. Nimejaribu kwa bismillahi peke yake, imekataa. Inapenda bismillahi kwanza, kisha tusi, kisha teke. Ikiwaka, Bi Mkasi husimama mlangoni kajitanda kisutu chake mpaka niizime.

Sasa leo. Vijana wa bodaboda wanapimana siku hizi kwenye njia yetu ile ile, siku za sikukuu, na simu zimeinuliwa pande zote mbili. Nimekwenda kutazama. Wana kasi, sitawanyima haki yao, lakini hawagawani petroli. Kila mtu na tangi lake. Mmoja akanitambua, akazima chombo, wakanizunguka. "Babu Shaame, twaambiwa mlikuwa mkitimua vumbi hapa, wewe na Mzee Faki. Nani alikuwa mkali? Ile ya mwisho, nani alikuwa mbele?"

Nikafungua mdomo. Jawabu langu la siku zote lilikuwa liko tayari ulimini, nimelisema maisha yangu yote. Na kabla ya kulitoa nikageuka kulia, nikungoje unikatize.

Pale kulia palikuwa na kijana ananipiga picha.

Hapo ndipo nilipoumia, Faki. Kuliko msibani, kuliko siku ile ya hitima. Nimeachiwa ushindi wote mimi, naweza kusema nilikuwa mbele kwa gurudumu, kwa honda nzima, kwa njia nzima, na katika dunia yote hapana mtu wa kunambia mwongo. Hakuna kitu kibaya kama kushinda namna hiyo.

Nikawaambia, "Faki ndiye aliyekuwa mbele."

Wakacheka, wakadhani namsifu marehemu kwa adabu. Sikuwaeleza. Nakueleza wewe.

Siku ya kukuzika, Hamad alitaka nipande gari kwa ajili ya goti langu. Nikakataa. Makaburi yenu yako ng'ambo ya mkungu, kwa hivyo jeneza lako lilipita njia ile ile, kutoka kalavati, moja kwa moja. Mkungu wenyewe haupo tena, waliukata walipotia lami, na mahali pake wameweka tuta la kupunguza mwendo, eti vijana wanakimbiza mno. Ningekuchekesha sana kwa hilo.

Na mimi nilikuwa na hila yangu. Nilipanga, usinicheke, nisitie bega mapema. Nitembee pembeni, niwaache wengine wapokezane, halafu tukikaribia tuta niingie mguu wa mbele wa jeneza. Nikipita pale mbele, basi nimefika kabla yako, na suala limekwisha, na huna la kusema. Machozi yananitoka na bado nafanya hesabu hizo. Ndivyo ulivyonizoesha.

Nikaingia mbele kama nilivyopanga. Lakini nilisahau ada yenyewe inavyokwenda. Anayeingia mbele husukumwa nyuma, mwengine anapokea, na mwengine, kila mtu anataka thawabu yake, na watu waliokuja kukuzika walikuwa wengi, Faki, walitoka mpaka Kiuyu na Fundo. "Lete, mzee." "Nipokee mimi, mzee." Wananivuta kwa upole huku wanakuombea, bega langu likateleza kutoka mguu wa mbele, likateleza ubavuni, na mimi naona lami tu na visigino vya watu. Nikahisi tuta chini ya unyayo. Nikainua macho. Jeneza zima lilikuwa mbele yangu. Nimeshika mguu wa nyuma kabisa, na wewe ulikuwa umeshapita.

Nikasema moyoni, haya, yakhe. Nikaachia jeneza, nikasimama pale pale juu ya tuta. Walidhani ni goti tu.

Kwa hivyo jawabu nililowapa vijana ni la haki. Mbio zilisimama kwa jeneza, zikamalizika kwa jeneza, na mimi ni shahidi niliyekuwepo mara zote mbili. Ulipita wewe kwanza.

Nakuahidi haya. Vespa haitapakwa rangi nyekundu muda wa kuwa mimi nna mguu wa kuipiga teke. Ruwaida kasema anataka kujifunza, na Bi Mkasi kakubali, mimi ndiye niliyekuwa mzito, sasa nimekubali na mimi. Na Idi ijayo nitakwenda kule barabarani na kopo, niwafundishe wale vijana kugawana petroli kwanza. Wakikataa, nitakaa juu ya tuta mpaka wakubali. Wataniogopa, mimi mzee sasa.

Yale maneno niliyoyaweka ni haya. Nimeyasema kaburini kwako kila nilipokwenda, na leo tu nimeyasikia. Nyinyi mmetutangulia, nasi, inshaallah, tutakufuateni.

Umetangulia, Faki. Nimekiri mbele za watu na nimekiri kwa maandishi. Lakini ujue, siku nikifika huko nitakana yote. Nitasema nilikuwa mbele, gurudumu zima. Nawe, nakuomba, usininyamazie.

Wako,
Shaame