Injini ya Babu Yako Inagonga Mara Mbili

Mpendwa mume wangu Festo,

Wewe ni mjukuu wa aina gani? Kahama si mbinguni. Basi linatoka huko asubuhi, linapita Kakonko, linapita Kibondo, linafika Kasulu jua bado liko juu. Nimeuliza. Watu wanashuka na magodoro, wanashuka na kuku, wewe unashindwa kushuka na miguu yako miwili. Mara ya mwisho ulikuja kumzika babu yako, ukalala siku moja, ukaondoka kama mtu aliyekuja kuazima jembe. Kwenye simu nikianza tu kusema, unajibu, "Bibi, nipo chini ya lori," unakata. Ndiyo maana nimemkalisha Adela, mke wa jirani, aniandikie. Barua haikatwi. Nimemwambia asinipambie maneno: nikisema mjinga, aandike mjinga.

Sasa sikia. Mashine yetu ya kusaga inagonga.

Najua hapo umeinua kichwa. Ulikuwa hivyo tangu mdogo. Hujui hata kufunga kaptula, lakini unajua leo injini imeamka vizuri na jana iliamka na hasira. Unaukumbuka mchi? Nilikuwa nausimamisha, ncha moja kwenye chuma, ncha nyingine sikioni, maana sauti hupanda kwenye mti mkavu kama mafuta kwenye utambi. Ukanisumbua mpaka nikakupa zamu. Ukafumba macho, ukasema, "Bibi, humu ndani kuna mtu anatwanga." Nikakwambia, muulize anatwanga nini. Na wewe ukauliza kweli! Ukainamisha mdomo kwenye chuma, "Unatwanga nini?" Babu yako alicheka mpaka akakalia gunia la watu.

Basi mtu huyo amerudi kutwanga. Alianza mahindi mapya yalipoingia. Nikamwita fundi Sadiki kutoka Kasulu mjini. Akaja, akaweka bisibisi sikioni, hata jasho halijamtoka akaitoa.

"Mama, hii imekufa. Tufumue yote. Pistoni, ringi, beringi, na krenki ikachongwe Kigoma."

"Umeisikiliza ikiwa na mahindi?"

"Mama, kelele ni kelele."

"Na wewe mtoto wako akilia, unampa dawa ya minyoo kabla hujauliza kama ana njaa?"

Akacheka kidogo, akasema nikiamua nimpigie.

Sikuamua. Mimi sijasoma, lakini kuuliza hakuhitaji daftari. Kesho yake niliiwasha ikiwa baridi. Kang, kang, kang, sauti ya juu juu, kama mtu anagonga sufuria. Nikaiacha ipate moto. Kang ile ile. Nikashangaa, maana babu yako alisema oili ikiwa ya moto huwa nyepesi, na ugonjwa wa ndani hupiga kelele zaidi. Huu haukujali. Nikamwaga mahindi. Kang ikanyamaza! Mahindi yakaisha, ikasaga hewa, kang ikarudi. Nikaizima, nikabaki pale nisikilize inavyokata roho. Gurudumu zito la pembeni lilipokuwa linamalizia mizunguko yake, hapo ndipo palipogonga kuliko mwanzo wote.

Mume wangu, nilisimama pale nikacheka peke yangu. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilikumbuka kabari ya jembe.

Na wewe unaikumbuka. Najua.

Mwaka ule kabla hujaondoka, injini iligonga hivi hivi. Ukasikiliza kwa mchi, asubuhi moja, asubuhi mbili. Ukamwambia babu yako, kwa adabu yote, "Babu, chini kuna beringi inaanza kwisha. Tufungue." Naye akakujibu, "Cha kufungwa ni mdomo wako." Akalitikisa lile gurudumu zito, likacheza. Kabari inayolibana kwenye shafti ilikuwa imeanguka. Akachukua jembe lililokwisha, akalikata, akalipiga tupa, akaligongelea pale. Maana kwake chuma cha jembe kilikuwa dawa ya kila kitu. Alisema ndicho kimelisha ukoo. Akawasha. Kimya. Wanawake wamejipanga na ndoo zao za mahindi na muhogo, akawageukia: "Nani ana kitambaa? Tumfute fundi wetu maziwa mdomoni!"

Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka kuliko wote, nimeshika ungo, unga unamwagika. Wewe ukauegemeza mchi ukutani polepole, ukasema, "Sawa, babu." Baada ya juma moja, Kahama.

Watu walisema umekwenda kutafuta maisha. Mimi nilijua umekwenda kutafuta mahali ambapo ukisikiliza kitu hawakucheki. Nikanyamaza. Babu yako naye alinyamaza, mpaka akanyamaza moja kwa moja.

Sasa ngoja nimalize, usianze kulainika.

Nikamwita tena Sadiki. Nikamwambia, kabla ya kufumua, ng'oa hii kabari. Akaing'oa. Imeliwa kama jino la mzee. Chuma cha jembe kimezoea udongo, kubana shafti si kazi yake. Sadiki akachonga nyingine ya chuma kigumu, akaipigilia, tukawasha. Kang imekwisha kabisa. Akajifuta mikono, akaniambia, "Mama, umenifundisha kazi. Ningekufumulia injini kwa sababu ya kabari."

Nikamwambia asubiri. Nikamwaga mahindi, debe zima, mashine ikalemewa. Nikampa mchi. Akauangalia kama nimempa nyoka. Nikamwekea mwenyewe, chini kabisa, kwenye tumbo la injini.

Akasikiliza. Akasikiliza sana. Uso ukambadilika.

"Mama, kuna nyingine."

Ipo, Festo. Iko chini ya ile ya kwanza. Nzito, ya taratibu: du, du, du. Haina haraka. Mahindi yakiingia inapiga, yakiisha inapumzika, kinyume kabisa cha kabari. Sadiki akamwaga oili kwenye sahani yangu nyeupe, tukaipeleka juani. Inameremeta kama magamba ya dagaa. Akasema hiyo ni beringi, inaliwa.

Nikamsimulia ya mchi wako na beringi uliyoisema, kisha nikamuuliza lililokuwa moyoni. "Yule mtoto alisikia hii? Miaka yote ile?"

Akatikisa kichwa. "Beringi mbovu haiwezi kusaga miaka yote hiyo, mama. Ingeshapasua injini." Kisha akakuna kidevu. "Labda ilikuwa ndiyo inaanza. Labda. Kusema kweli, sijui."

Nikampenda kwa ile sijui. Tangu afike ndilo neno lake la kwanza nililoliamini.

Mimi pia sijui. Siwezi kukwambia kwamba siku ile ulikuwa sahihi. Babu yako alipata kabari, hilo haliondoki. Lakini injini ilitaka kusikilizwa mara mbili, tukasikiliza mara moja, kelele ya juu ilipokwisha tukafunga masikio. Na mtoto aliyekuwa bado ana neno tukamfunga kwa kicheko. Hilo ni kosa langu. Babu yako alikuwa na ulimi, mimi nilikuwa nakujua. Nisamehe, mwana wanje, mwanangu.

Sasa nimeizima. Wanawake wa hapa Kitanga wanapanda kilima na mizigo kichwani kwenda mashine ya upande wa pili, na wakipita wananisalimia kwa mdomo wa upande. Nguzo za umeme zimefika, kwa hiyo kila mtu ni mshauri: "Bibi, weka mota, hicho chuma wape wanaonunua chakavu." Sadiki anasema, kama krenki, ule mhimili wa ndani, imekwaruzika kidogo, itachongwa, ivishwe beringi mpya, isage mpaka nife. Kama imekwisha, tunamvisha marehemu suti. Hata mota siikatai. Ninachokataa ni kuamua kabla wewe hujaweka sikio. Nimemwambia Sadiki asiguse bolti hata moja. Kaniuliza mpaka lini. Nikamwambia mpaka mume wangu aje. Anadhani nimechanganyikiwa, hajui mume mwenyewe ni wewe, wa miaka ishirini na sita.

Ninapenda kujua, Festo. Kila asubuhi napita pale, chuma kiko baridi, najiuliza huyo mtu wa ndani anatwanga nini. Nani mwingine nimuulize?

Basi ukija, usianzie jikoni. Najua tumbo lako, samaki mgebuka na ugali wa muhogo vitakungoja, havina miguu. Pita mlango wa mashine, asubuhi, injini ikiwa bado baridi. Mchi umeegemea ukuta ule ule. Wanawake nitawaita, wajipange na ndoo zao kama siku ile. Washa, mwaga mahindi, sikiliza mpaka uridhike, hata jua lizame. Kisha useme kwa sauti, wote tusikie: tufumue, au tuache. Utakalosema ndilo litakalofanyika, na atakayecheka atarudi nyumbani na mahindi mazima.

Mke wako wa kwanza, mwenye wivu na malori yako,
Bibi