Mtoto Wangu Amenizidi Umri

Kasongo, Jumanne tarehe 14 Mei 2024

Mpendwa dada yangu, yaya Soraya,

Pokea salamu za mdogo wako. Goti linaendeleaje? Na vumbi la Salamabila, bado mnalila pamoja na mboga ya sombe? Sisi huku tu wazima, mvua imepungua, mpunga umeingia ndani.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unaweka sauti kubwa na nyumba nzima inanisikiliza.

Unakumbuka mama mkwe alivyosema: mpunga ukiisha kuvunwa, wazee wa ukoo watatoka kijijini Wamaza waje kuamua kama nirudishwe kwako, maana sijamzalia Djuma mtoto. Na jirani yangu Émérance, mke wa Octave, unamjua. Yeye Mkristo, mimi Mwislamu, lakini mizizi ya uzazi tunayonyweshwa na mama wakwe zetu ina uchungu uleule.

Hapa kila mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto wake. Sisi wawili tulikuwa "ule bibi" na "ule mwingine". Siku moja sokoni mteja akamuuliza Émérance, "Wewe ni mama nani?" Akajibu bila kucheka, "Mama Chadia," jina langu mimi! Kesho yake nami nikawa Mama Émérance. Nilitaka kuona watu watakawia kiasi gani kuuliza huyo mtoto yuko wapi. Hawakuuliza. Émérance alipougua malaria, muuza chumvi aliniambia, "Pole, mama. Mutoto anakula?" Nikamwambia anakula, ila ni mkaidi.

Basi juzi Jumapili wazee wakafika. Baba mkubwa wa Djuma hakuijua nyumba. Motari wa pikipiki akamleta moja kwa moja "kwa Mama Émérance". Alipoketi tu akasema, "Kumbe mutoto iko! Sasa mumetuitia nini? Mwite atuletee maji ya kunawa."

Mama mkwe akakohoa. Mimi nikaita.

Émérance akapita uani na beseni, na unajua alivyonizidi miaka. Akapiga magoti, akawanawisha. Mzee akamtazama, akanitazama.

"Huyu ulimuzaa lini?"

"Mbele ya mimi mwenyewe kuzaliwa, baba."

Mzee alijitahidi asicheke, lakini ndevu zilitikisika. Mama mkwe akasema tunawadharau wageni. Émérance, akiwa bado amepiga magoti, akauliza kwa adabu zote:

"Babu, mutoto anaweza kuuliza? Mama yangu amekunywa mizizi yote ya Kasongo. Baba yangu, yeye amekunywa nini?"

Djuma akaanza kukagua viatu vyake. Mzee alikula wali wangu mpaka akamaliza, akanawa, ndipo akasema: Djuma aende kwanza kwa daktari, mpaka hapo, hakuna wa kumrudisha mtu.

Tangu siku hiyo Djuma hanisemeshi mengi. Lakini leo asubuhi amevaa shati lake la Ijumaa, ameosha pikipiki, akaniuliza kama hospitali wanapokea watu kabla ya adhuhuri. Bado hajarudi. Nina hamu ya kujua ataambiwa nini, na nikifikiri sana naogopa. Kasoro ikiwa yangu, njia ya kuja kwako naijua. Ikiwa yake, yeye watamrudisha kwa nani?

Kile chumba ulichonitengea, usimpe mtu. Ila usikifagie kwanza.

Nisalimie shemeji Amisi na binti yenu Sifa. Émérance anakusalimu sana, mama mkubwa wake. Mungu akunyooshee hilo goti na awafunike nyote kwa amani.

Mdogo wako anayekupenda,

Chadia
(Mama Émérance)