Wake Mtu, Wangu Damu Tu

Bigwa, Jumapili. Ukungu umekaa mlimani tangu asubuhi na mimi nimenuna tangu saa nne.

Nina hasira na Mjomba. Bora niandike hapa kabla sijamtumia ujumbe nitakaoujutia.

Leo aliitisha kikao cha ukoo nyumbani kwa mama. Mdogo wangu Zuhura ametoa mimba ya miezi mitatu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo Mjomba, mkubwa wetu, amelichukulia jambo hili kama vile ameibiwa yeye. "Umeua mtu wetu," akamwambia mbele ya wote. "Hapa ondoka." Zuhura mwenyewe bado anatembea kwa kushika ukuta.

Mtu!

Mwaka jana mimba yangu ilipoharibika, nayo ya miezi mitatu, Mjomba huyuhuyu alikataa mkeka usitandikwe. Nilitaka matanga, hata ya siku moja. Akasema haijafika miezi minne, roho haijapulizwa, ni damu tu, nisikufuru kwa kuililia. Tukazika nyuma ya migomba, mimi na mama, bila dua. Wiki ileile nikaulizwa nitajaribu tena lini.

Basi leo nikasimama bila kuomba ruhusa. "Mjomba, wangu naye alikuwa wa ukoo huu. Alikuwa mtu au hakuwa?"

"Wako kachukuliwa na Mungu. Huyu wake katoa mwenyewe."

"Sijakuuliza nani kamtoa. Nimekuuliza alikuwa nani."

Akanitazama kama nimemtukana mama yake. Akavaa viatu, akaondoka, na kikao kikafia hapo.

Zuhura nimemchukua, yuko kwangu. Lakini asinisifu mtu. Nimemkasirikia mpaka meno yanauma. Mimi niliomba sana wangu abaki, yeye wake hakumtaka, na hata kuninong'oneza hakuninong'oneza. Uji nampelekea, ila bakuli nalibamiza mezani.

Wangu nilimpa jina. Hata mume wangu halijui.

Jioni hii Zuhura ameniambia, "Dada, hakuwa mtu bado." Anangoja nikubali ili apate kulala. Neno moja tu, na nimeshindwa kulitoa.

Nikikubali, mwaka mzima huu nimekuwa nikimlilia nani?